Bunduki Iliyokataa Kuokotwa

Katika chumba cha Watson pale Chitete, kila aliyekaa mbele ya kompyuta alitakiwa kwanza aseme yeye ni nani. Si jina lake. Mashine ilimwonyesha askari wanne wamesimama mstari mmoja, naye akachagua: mshambuliaji, mdunguaji, fundi wa mizinga au tabibu. Ukishachagua, umechagua. Mdunguaji alipewa bunduki ndefu yenye darubini, fundi akapewa kombora la begani, tabibu akapewa bastola ndogo na sanduku la dawa. Watson alikuwa Mnyamwanga wa Tunduma. Kompyuta zake sita alizinunua zikiwa zimeshatumika, upande wa Nakonde, akazileta Chitete pamoja na jenereta, na ni yeye aliyewageuzia vijana maneno ya Kiingereza ya kwenye kioo na kuwapa majina hayo.

Mhoja alikuwa tabibu. Hakuchagua. Siku ya kwanza alipokaa, kaka yake Makene alinyoosha mkono mbele yake akambonyezea. "Msichana abebe dawa," alisema, wenzake wakacheka, na tangu hapo ikawa hivyo. Alasiri, akishamaliza kupeleka maziwa mgando kwenye migahawa ya karibu na ofisi za wilaya, alipita pale kumngoja kaka yake warudi pamoja nyumbani, na Watson akamwachia kompyuta ya pembeni ambayo kitufe chake kimoja kilikuwa kimelegea.

Na alikuwa tabibu mzuri, jambo ambalo hakuna aliyelisema. Alijua kupita ukutani asionekane, alijua kuinama. Mtu akianguka, mara Mhoja yuko juu yake na sanduku, anamwinua. Makene ndiye aliyeanguka kuliko wote, kwa sababu alipenda kukimbia mbele. Akiinuliwa, aliruka na kukimbia tena bila kugeuka. Katika mchezo ule hapakuwa na kitufe cha kusema asante.

Alasiri moja, mwishoni mwa kiangazi, wakati watu wameanza kutazama mawingu ya upande wa Zambia, Mhoja alijikuta amebaki karibu na mdunguaji wa timu yao aliyekwisha kufa. Bunduki yake ndefu ilikuwa imelala kwenye nyasi. Mbele, juu ya ghorofa lililobomoka, adui alionekana wazi. Mhoja akaikanyaga ile bunduki, akabonyeza kitufe cha kuokota. Bunduki haikuinuka. Akabonyeza tena. Maneno mekundu yakatokea chini ya kioo.

"Inakataa," alisema.

Makene alivuta hedifoni upande mmoja. "Nini kinakataa?"

"Bunduki. Ipo hapa miguuni kwangu, mwenyewe amekufa, na adui namwona."

"Si ya kwako hiyo. Njoo huku, nimelala nyuma ya lori."

"Iwe, wewe Mhoja, utanimalizia kitufe," Watson alisema kutoka kwenye meza yake ya kuchaji simu. "Imeandikwa hapo kwamba si silaha ya aina yako. Kila mtu na silaha ya kazi yake. Wote wakibeba bunduki ndefu, nani atawainua wanaoanguka?"

"Na tabibu akibaki peke yake?"

"Akibaki peke yake anakufa." Watson akacheka. "Lakini ukifa unarudi, dada yangu, na unaulizwa upya unataka kuwa nani. Wapi pengine utaulizwa hivyo?"

Mhoja akaiacha bunduki, akamfuata kaka yake nyuma ya lori, akamwinua. Kisha akavua hedifoni na kuchukua ndoo yake tupu.

"Twende, Makene."

"Raundi moja tu."

"Kamanda Venance alisema nini juzi?"

Makene alikuwa ameshaziba masikio yote mawili. Simu yake ilikuwa kwenye meza ya Watson, imechomekwa chaja katikati ya simu za watu wengine.

*

Alichosema Kamanda Venance kilijulikana na kila mtu katika kitongoji chao cha wafugaji, ng'ambo ya korongo na mashamba ya ufuta. Sungusungu wa pale, walinzi wa jadi aliowaongoza Venance, walikuwa na sheria walizokuja nazo kutoka Usukumani, pamoja na ng'ombe na masufuria. Mwano ukipigwa, yaani lile yowe la kuitana, kila mji, kila boma la familia, utoe mwanamume mwenye upinde. Mwanamke kazi yake ni kuupokea mwano na kuupeleka mbele, boma hadi boma, kisha afunge mlango akae. Makene alikuwa amekosa mwano mwezi uliopita. Kamanda alikuja mwenyewe, akasimama nje ya boma, akakataa kiti.

"Safari hii tumemsamehe kwa sababu ya ugonjwa wa mzee," alimwambia Edina, mama yao. "Mji huu ukikosa tena, mnatengwa."

Hakuwa na haja ya kueleza kutengwa ni nini. Aliyetengwa hachoti maji kwenye kisima cha wote. Ng'ombe wake hawaingii joshoni. Hakuna wa kumkopesha maksai wa kulimia, na mvua zinakuja. Akifiwa, anachimba kaburi mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima Edina usingizi, maana mumewe, Bugalama, alikuwa amepooza upande wa kulia tangu mavuno, na maneno yake yalitoka nusunusu kama ya mtu mwenye ugali mdomoni.

Mhoja alipofika nyumbani, ndoo ilikuwa haijatua chini vizuri mwano ukaja. Ulitoka upande wa mashariki, kwa mzee Raphaeli, ukapokewa na mama wa boma la pili, ukawafikia. Edina akaweka kiganja mdomoni akaupeleka mbele, sauti yake nyembamba ikikatika katikati. Halafu wakatazamana.

"Yuko wapi?"

"Nimemwacha kwa Watson, mayu."

Edina akapiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Wanaume walikuwa wanapita njiani wakikimbia, mishale inagongana migongoni, na kila aliyepita aligeuza shingo akatazama ndani ya boma lao.

"Nirudi nikamwite?" Mhoja aliuliza.

"Mpaka umfikie na mpaka aje, watakuwa wameshahesabiana kule."

Bugalama alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, penye kivuli cha ukuta. Alitoa sauti. Wote wakageuka. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa unaonyesha ndani, palipotundikwa upinde wake.

"Lete," alisema.

Mhoja akauleta, akidhani baba anataka kuushika tu. Bugalama akaupokea, akaupima uzito kama alivyokuwa akifanya zamani, kisha akausukuma kifuani mwa binti yake. Podo la mishale akalisukuma pia.

"Chukua. Nenda. Mji... usikose."

"Baba Makene," Edina alisema polepole, "huyu ni mtoto wa kike."

"Mji usikose," Bugalama akarudia, safari hii kwa shida kubwa, mate yakamtoka pembeni ya mdomo. Edina akamfuta kwa pindo la kanga yake, na alipomaliza kumfuta, Mhoja alikuwa ameshatoka.

*

Wezi walikuwa wanne na walikuwa wamewapitisha ng'ombe wa Raphaeli kwenye korongo. Mhoja alifuata kwato, halafu akafuata kelele. Upinde ulimpiga mgongoni kila alipokanyaga. Hakuwahi kuvuta upinde maishani mwake, na njia nzima hakuwaza kuvuta. Alichowaza ni kuonekana tu. Kamanda atazame, ahesabu, aseme mji wa Bugalama upo.

Aliwakuta kwenye mteremko, wanaume zaidi ya thelathini, tayari wakishuka kuwafukuza wezi upande wa pili. Venance aligeuka. Alimwona. Alitazama uso wake, akatazama upinde, akafungua mdomo aseme neno, lakini kule mbele mtu alipiga kelele kwamba ng'ombe wameachwa na wezi wanakimbia, na kundi lote likamwagika chini kama maji.

Mmoja hakwenda. Enoka, kijana wa mzee Raphaeli, alikuwa amekaa kwenye mchanga wa korongo ameshika paja lake, akilitazama kama kitu cha mtu mwingine. Alikuwa wa kwanza kuwafikia wezi, na mmoja wao alimgeuzia panga kabla mwano haujafika hata kwa akina Mhoja. Damu ilipita kati ya vidole vyake. Kila mwanamume aliyempita alikuwa na mishale, na mishale ilikuwa na kazi mbele.

Mhoja alivua upinde, akauweka kando. Akafungua kitenge chake, akabaki na gauni, akakikunja kwa urefu na kukikaza juu ya jeraha kwa nguvu zote, akakipitishia mshale mmoja wa baba yake na kuuzungusha mpaka kitenge kikabana na damu ikapungua.

"Usilale," alimwambia. "Niambie majina ya ng'ombe wenu."

"Wewe si Mhoja?"

"Ni mimi. Taja ng'ombe."

Enoka alitaja ng'ombe, mmoja mmoja, meno yakigongana, mpaka wanaume waliporudi wakiwaswaga hao hao waliokuwa wakitajwa. Wakambeba Enoka kwenye machela ya fito. Hakuna aliyemsemesha Mhoja. Venance aliuokota upinde kwa fimbo yake, hakuugusa kwa mkono, akaenda nao.

*

Mkutano ulikaa joshoni kesho yake asubuhi, wanaume peke yao kwenye duara, wanawake wamesimama mbali kwenye uzio wa miti. Bugalama aliletwa kwa mkokoteni. Walimwacha humo humo, maksai wamefunguliwa, akawa amekaa ameinamia upande kama mzigo uliofungwa vibaya. Makene alikaa mbele kabisa. Usiku alikuwa amelia mbele ya mama yake na kuomba msamaha, na Edina alimsamehe.

Kesi ya Makene haikuchukua muda. Aliulizwa alikuwa wapi, akasema Chitete. Akifanya nini? Akicheza gemu. Mtu mmoja akauliza gemu ni kitu gani, mwingine akajibu ni kupigana vita vya kwenye televisheni, na duara zima likacheka.

"Kumbe vitani alikuwepo," alisema mzee mmoja. "Tatizo ni vita vya nani."

Hata Venance alicheka. Kutengwa kwa kosa la Makene kulikuwa na bei ya kujikomboa katika sheria, dume moja la ng'ombe la kuchinjwa na kuliwa na wote, nalo lingemrudisha kundini. Makene akainamisha kichwa, akashukuru.

Ndipo Venance akauweka upinde katikati ya duara.

"Hili lingine halina bei," alisema. Hakuwa mtu wa hasira, na wala siku hiyo hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha mvua. "Pinde hizi tuliziapia pamoja, kwa dawa moja. Upinde ukishikwa na mwanamke, dawa ya wote imekufa. Jana umeshikwa. Na jana kijana wetu amekatwa. Sisi hatujawahi kukatwa."

"Enoka alikatwa kabla," Edina alisema kutoka kwenye uzio. Haikuwa sauti kubwa. "Alikatwa kabla mtoto hajatoka nyumbani."

"Mama yetu, mwanamke anasemewa," Venance alimjibu kwa adabu. "Una mwanamume wa kukusemea. Makene, mama yako anataka kusema nini?"

Makene akainuka, akaenda kwenye uzio. Mhoja alikuwa amesimama karibu na mama yake, kwa hiyo alisikia kila neno. Edina alimshika mwanawe ukosi wa shati kupitia kwenye miti. Akamwambia baba yako ndiye aliyempa upinde, kwa mkono wake, mimi nikiona. Sheria inasema aliyetumwa na mwenye mji hana kosa, kosa ni la aliyemtuma, na aliyetuma ni mgonjwa, watamhurumia. Kawaambie hivyo tu. Baba yenu alimtuma.

Makene akarudi katikati. Pale chini, duara lilikuwa linamtazama, hao hao waliocheka naye muda mfupi uliopita na ambao kwa dume moja walikuwa wamekubali kumrudisha. Kwenye mkokoteni Bugalama alianza kutoa sauti. Mkono wa kushoto ulipanda, ukaonyesha upinde, ukaonyesha kifua chake mwenyewe, ukagonga kifua, ukagonga tena. "Mi... mi... mimi," alikuwa anasema, au alikuwa analia. Mate yalikuwa yanateremka kwenye shati alilovalishwa kwa ajili ya mkutano, na wanaume waliokula naye miaka yote hiyo wakatazama chini, kwa aibu ya kumwonea aibu.

"Mzee amechoka," Venance alisema. "Asisumbuliwe. Makene, tuambie. Nani alimpa dada yako upinde?"

Makene alitazama mkokoteni. Alitazama upinde.

"Sikuwepo," alisema.

Na ilikuwa kweli. Hakuna ambaye angeweza kumwita mwongo.

Mzee Raphaeli, ambaye mwanawe alikuwa hospitali akiwa hai, alikuwa anachora mchangani kwa ncha ya fimbo. Alichora mpaka hukumu ikaisha. Mji wa Bugalama haukutengwa, kwa kuwa mwanamume wake alikuwa ameshakubali kulipa. Ila ungetengwa siku yoyote Mhoja atakapoonekana analala humo. Basi.

*

Mhoja alipewa siku chache za kujiandaa. Siku hizo hakuna aliyeingia bomani kwao, kwa tahadhari tu. Asubuhi ya mwisho walikikuta kitenge chake kimetundikwa kwenye miiba ya uzio, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri. Doa lilikuwa limebaki, la rangi ya kutu, lakini mtu alikuwa amelisugua kwa bidii mpaka maua ya kitenge yakapauka. Aliyekileta alikuwa ameondoka kabla hakujapambazuka.

"Mama Enoka huyo," alisema Edina. Akakitia kwenye mzigo wa binti yake, akakitoa tena, akakiweka juu kabisa. "Kwa mjomba wako, kule Kamsamba, utakaa mpaka mambo yapoe."

"Yatapoa lini, mayu?"

Edina alifunga mzigo. Wote wawili walijua kwamba mjomba ana rafiki mwenye ng'ombe wengi, aliyefiwa na mke, na kwamba mjomba alikuwa amepiga simu tangu jana akiwa mchangamfu sana.

Bugalama hakuletwa nje. Mhoja aliingia ndani akapiga goti mbele ya kitanda. Baba yake alimshika kichwa kwa mkono wa kushoto, akakaa hivyo, akajaribu neno moja muda mrefu bila kulipata. Juu ya ukuta, msumari wa upinde ulikuwa mtupu. Upinde ungerudi, Makene akishalipa dume, na kuapiwa upya.

Makene ndiye aliyembebea mzigo hadi Chitete. Kwenye korongo alisema, "Ningesema vile wangetutenga wote, Mhoja. Baba angezikwa na nani?" Mhoja aliendelea kutembea. Kaka yake akasubiri, kisha akasema tena, "Na kweli sikuwepo."

Gari la kwenda Kamsamba lilikuwa halijajaa. Utingo alisema bado kidogo, neno ambalo kwa utingo linaweza kuwa asubuhi nzima. Makene alitua mzigo, akazungukazunguka, akatazama ng'ambo ya barabara. Jenereta ya Watson ilikuwa inanguruma.

"Raundi moja tu," alisema. "Ukiona linajaa uniite."

Mhoja alikaa juu ya mzigo wake. Jua lilipomfikia miguuni akauchukua, akavuka barabara, akasimama mlangoni. Watson alimwona, akainuka, akamsogezea kiti cha kompyuta ya pembeni. Habari zilikuwa zimeshafika Chitete.

"Kaa, dada Mhoja. Wamepungukiwa tabibu. Kaka yako anakufa kama kuku."

Alikaa. Askari wanne wakatokea kwenye mstari wao. Alitazama yule mwenye bunduki ndefu, kidole kikakaa juu ya kitufe. Halafu akachagua tabibu, akaingia.

Ulikuwa ni uwanja uleule, lori lilelile. Alipita ukutani, akainama palepale alipozoea kuinama. Makene alikuwa ameanguka katikati ya barabara, kwa kukimbia mbele, na muda wake wa kuinuliwa ulikuwa unahesabika kwenye kioo, namba zikirudi nyuma.

"Tabibu," Makene aliita, macho kwenye kioo chake. "Tabibu, niko hapa. Mhoja, ni wewe? Njoo basi, hakuna adui."

Alikwenda. Akasimama juu yake. Sanduku lilikuwa mkononi, na sanduku halikukataa, lilikuwa silaha ya aina yake. Vidole vyake viliijua kazi ile kuliko vilivyojua kukamua maziwa. Akavitoa kwenye vitufe, akaviweka mapajani. Namba zikaendelea kurudi nyuma mpaka zikaisha.

Makene alivua hedifoni. "Ulikuwa umesimama juu yangu," alisema. "Mhoja. Nilikuona, umesimama juu yangu kabisa."

Mhoja alikuwa ameshainuka, anajitwisha mzigo.

"Sikuwepo," alisema.

Watson alipunguza sauti ya redio iliyokuwa mezani, kisha akajifanya anatafuta chaja ya mtu. Nje utingo alikuwa anapiga ubavu wa gari. Mhoja akavuka barabara, akapanda, na gari likaondoka na vumbi lake. Kwenye kioo cha Makene askari wanne walikuwa wamesimama kwenye mstari, wakimsubiri aseme safari hii anataka kurudi akiwa nani, na wenzake wakamwambia achague, achague bwana, anawachelewesha, naye amekaa tu na mikono juu ya vitufe.